UZI: Grafti ya stenti kwa dharura za aota ya kifua, kuanzia mlango wa dharura wa visiwani hadi kinena

Bandari_Kuu (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Kwenye uzi wa ajali za bodaboda mtu kaandika kwamba siku hizi aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) ikichanika inawekwa stenti kupitia pajani, kifua hakifunguliwi tena. Hilo ni kweli kwa kipande kimoja tu cha aota. Mwenye kulichukua kwa aota nzima atampeleka mgonjwa pasipomfaa, na kwetu huku kupeleka mgonjwa ni bahari au ndege.

Nianze na ramani. Aota inapanda kutoka kwenye moyo, inajikunja upinde, kisha inashuka nyuma ya kifua hadi kiwambo. Kwenye upinde yanatoka matawi matatu: la kwanza ni la mkono wa kulia na shingo ya kulia, la pili karotidi ya kushoto (ya shingo na kichwa), la tatu subklavia ya kushoto (ya mkono). Grafti ya stenti, yaani bomba la kitambaa cha poliesta au la PTFE (plastiki) lililoshikiliwa na pete za nitino (aloi ya nikeli na titani), makao yake ni sehemu inayoshuka. Sehemu inayopanda bado ni kazi ya kisu, kifua wazi na mashine ya moyo na mapafu.

Kwa hiyo mgonjwa aliyechanika tabaka za aota swali lake la kwanza ni moja: je, sehemu inayopanda imeguswa? Ikiguswa ni aina A kwa mgawanyo uitwao Stanford. Huyo anahitaji upasuaji wa moyo mara moja, kwa sababu katika siku mbili za mwanzo hatari ya kufa imekuwa ikikadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 kwa kila saa. Isipoguswa ni aina B. Wengi wa aina B hutibiwa kwa dawa kwanza, na grafti huwekwa haraka pale penye matata: aota imevuja, kiungo kimekosa damu (utumbo, figo, mguu, uti wa mgongo), maumivu au presha vimekataa dawa, au mshipa unatanuka upesi.

Nyingine zinazoingia kwenye kapu la grafti ni anurizimu (uvimbe wa mshipa) ya sehemu inayoshuka iliyopasuka, kidonda kinachopenya ukuta, na jeraha la ajali. Hili la ajali mara nyingi hukaa pale pale baada ya subklavia ya kushoto, ambapo aota imefungwa na kano. Gari au pikipiki inaposimama ghafla, upinde unaendelea kwenda mbele na sehemu inayoshuka inabaki. Daraja la 1 ni mchubuko wa tabaka la ndani, la 2 damu ndani ya ukuta, la 3 uvimbe wa uongo (damu imevuja na kuzuiliwa na nyama za nje), la 4 kupasuka. Daraja la 1 huachwa kwa dawa na picha za kurudia. La 4 haliwezi kungoja. La 2 na la 3, presha ikishikwa vizuri, unaweza kutangulia kutibu kichwa au tumbo linalovuja.

Karibuni tuchambue. Nimeanza na ramani kwa makusudi, maana kila kosa nitakaloeleza humu linaanzia kwenye kutoijua.

---

ChakeDharura

Wa alaykum salaam sheikh. Kwa sisi wa Pemba shughuli yote ni saa mbili za mwanzo, kabla hata ya kuitaja grafti. Mgonjwa anafika na maumivu yaliyoanza ghafla kama kachomwa kisu, yamekaa katikati ya mabega au yanashuka mgongoni. Pima presha mikono YOTE MIWILI. Tofauti ikizidi 20, shuku. Papasa mapigo ya kinena pande zote. Sikiliza moyo kama vali ya aota inavuja. Uliza miguu kama inasogea.

Halafu mtego. Mpasuko wa aina A unaweza kuingia kwenye mdomo wa mshipa wa kulia wa moyo, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikatoa sura ya shambulio la moyo la upande wa chini. Hapo mtu akikimbilia dawa ya kuyeyusha bonge la damu au heparini (ya kuzuia damu kuganda), kamaliza kazi. Maumivu yenye kuhama, mapigo yasiyolingana au udhaifu wa mguu vikiandamana na ECG hiyo, simama kwanza.

Eko (altrasaundi ya moyo) ya kifuani ina faida: ukiona utando unaopepea ndani ya aota, au maji kuzunguka moyo, umepata jibu. Usipoona kitu, hujapata jibu la hapana. D-dima, kipimo cha damu, ikiwa chini ya nanogramu 500 kwa mililita kwa mtu ambaye dalili zake ni hafifu inasaidia kuiondoa shaka. Kwa mwenye dalili kali usipoteze muda nayo, nenda kwenye picha.

---

Mpekuzi_wa_Mchangani

Samahani, mimi si wa huko theatre, ila nna swali. Mbona presha ikiwa juu mnaambiwa msikimbilie kuishusha kwa dawa ya haraka kama haidralazini? Wodi za wazazi si ndiyo inayotumika?

---

Bi_Ganzi

Swali zuri, mwanangu, na jibu lake ndilo ninalotamani libandikwe ukutani.

Ukuta wa aota hauchanwi na presha peke yake. Unachanwa na nguvu ya kila pigo la moyo. Haidralazini inalegeza mishipa, presha inashuka, moyo unashtuka na kupiga kasi kwa nguvu zaidi. Namba ya kwenye mashine imependeza, mpasuko unaendelea. Kwa hiyo utaratibu ni: kwanza maumivu, pili mapigo ya moyo, tatu presha.

Maumivu: mofini miligramu 2 hadi 4 kidogo kidogo ndani ya mshipa. Mtu mwenye maumivu hashushiki presha hata umpe nini.

Mapigo: lengo chini ya 60 kwa dakika. Labetaloli miligramu 20 polepole kwa dakika mbili, kisha 40 hadi 80 kila dakika kumi, jumla isizidi 300. Ukitaka ya kudondosha: ampuli mbili za mililita 20 (kila moja miligramu 100) ndani ya mililita 160 za dekstrosi 5%, unapata miligramu 1 kwa kila mililita. Anza miligramu 1 kwa dakika, sawa na mililita 60 kwa saa, na ukomo miligramu 2 kwa dakika. Ulizodunga na zinazodondoka zinahesabiwa pamoja kwenye ile 300, watu husahau. Esmololi ikiwepo ni nzuri zaidi kwa kuwa inaisha mwilini upesi: mikrogramu 500 kwa kilo kwa dakika moja, kisha 50 hadi 200 kwa kilo kwa dakika.

Presha: ile ya juu iwe kati ya 100 na 120, mradi mgonjwa ana fahamu na anakojoa. Mapigo yakishakaa chini ya 60 na presha bado iko juu, hapo sasa ongeza ya kulegeza mishipa, kwa mfano nikadipini miligramu 5 kwa saa ukipanda hadi 15. Usiigeuze foleni hiyo.

Angalizo mawili. Mwenye pumu kali labetaloli itamfunga kifua. Na vali ya aota ikiwa inavuja sana, au maji yameubana moyo, kasi ya moyo ndiyo inayomweka hai, usiivunje kwa pupa.

---

ChakeDharura

Nakazia hapo kwa Bi Ganzi: fuata mkono wenye presha ya JUU. Mkono ambao mshipa wake umebanwa na utando utakuonyesha 90 wakati aota yenyewe iko 170. Ukiamini ule wa chini utaacha dawa, na pengine utaongeza maji.

---

Picha_Milimita1

Nije kwenye CT (picha ya eksirei ya kompyuta), maana hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Picha ya kuonyesha ugonjwa na picha ya kupimia grafti ni vitu viwili, lakini ukipanga vizuri unavipata kwa safari moja ya meza.

Kanula geji 18 kwenye mkunjo wa mkono wa KULIA. Ukiweka kushoto, dawa nzito ya picha (kontrasti) inapita kwenye mshipa unaokatiza mbele ya upinde na kutia michirizi pale pale unapotaka kupima. Kwanza piga bila dawa, kwa sababu damu iliyoganda ndani ya ukuta huonekana kama mwezi mwandamo mweupe, na ukishaweka dawa unaipoteza. Kisha kontrasti mililita 80 hadi 120 kwa kasi ya 4 hadi 5 kwa sekunde, anza kupiga dawa ikifika aota inayoshuka. Anzia shingoni, ishia chini ya vichwa vya mifupa ya paja. Wengi hukatia kwenye kiwambo. Sasa huyo aliyeko ng'ambo atajuaje kama mishipa ya nyonga inapitisha kifaa? Mgonjwa atarudiwa CT na figo zake zitapigwa kontrasti mara ya pili.

Mashine ikiweza kufuata ECG, ifuate. Bila hivyo mtetemo wa sehemu inayopanda hutoa mistari miwili inayofanana na mpasuko, na mtu wa aina B anaitwa aina A. Vipande viundwe kwa milimita 1 au pungufu.

La mwisho, naomba mnisikilize: picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini na kurushwa WhatsApp HAIPIMIKI. Inafaa kumwamsha daktari usingizini, basi. Tuma faili zima la DICOM (picha halisi kutoka kwenye mashine) kwa intaneti, na diski moja afungiwe mgonjwa kwenye mkoba wake, mkononi mwa muuguzi na si ndani ya begi la jamaa. Faili ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo lianze kupanda wakati mgonjwa bado anafungwa mikanda ya machela.

---

Mpekuzi_wa_Mchangani

😅 Begi la jamaa, hilo nnalijua.

---

Bandari_Kuu

Ahsante sana Picha. Sasa vipimo, kwa sababu grafti si kitu cha "ukubwa wa kati".

Unapima upana wa aota yenye afya, kwa mkato ulio wima kwa mhimili wa mshipa, kule grafti itakakoshikia juu na chini. Mahali pa kushikia pawe na urefu wa milimita 20 angalau. Kisha unaongeza kidogo ili pete zibane ukuta. Na kiasi cha kuongeza kinategemea ugonjwa. Anurizimu iliyopasuka: asilimia 10 hadi 20, kwa hiyo aota ya milimita 28 inaomba grafti ya 32. Mpasuko wa tabaka: 0 hadi 10, usizidi. Ukuta wake ni kama karatasi iliyolowa, pete yenye nguvu itautoboa upande wa juu na kuugeuza mpasuko wa aina B kuwa aina A inayorudi nyuma kuelekea moyoni. Upande wa chini nao ukizidisha, ncha ya grafti inachana utando na kufungua mlango mpya. Wengi huchukua grafti inayokonda kuelekea chini kwa sababu hiyo.

Ajali ina mtego wake peke yake. Majeruhi ni kijana, aota yake milimita 18 hadi 22, halafu kapoteza damu, mshipa umenywea. CT iliyopigwa akiwa na presha 70 inaonyesha aota ndogo kuliko ilivyo. Ukiagiza kwa kipimo hicho, damu ikimrudia aota inajaza, na grafti inabaki ikielea. Ukiogopa hilo ukazidisha sana, upinde wa kijana umejikunja mno: mdomo wa grafti hauukumbatii ukuta wa ndani wa kona, unasimama kama mdomo wa ndege, damu inapita chini yake na kuikunja grafti nzima. Grafti iliyokunjika inafunga aota. Dalili yake ni presha ya mikono kuwa juu huku mapigo ya kinena yakipotea. Dawa ya hilo ni kurudi mezani pale pale. Mwenye altrasaundi ya ndani ya mshipa apime upya baada ya kumjaza damu mgonjwa, kabla hajafungua boksi.

Urefu: ajali inahitaji kifupi, milimita 100 hivi inatosha. Mpasuko kwa kawaida 150 hadi 200. Zikiunganishwa mbili zilaliane milimita 50 hivi.

---

Waya_Mgumu

Niongeze njia ya kuingilia. Unene wa mirija hupimwa kwa Frenchi: Frenchi 3 ni milimita 1. Vifaa hivi vingi ni Frenchi 18 hadi 24, yaani milimita 6 hadi 8. Angalieni kitu: namba ya kwenye shithi (mrija wa kupitishia kifaa) ni upana wa NDANI. Shithi ya 22 kwa nje inazidi milimita 8. Kifaa kisichohitaji shithi namba yake ni ya nje. Watu wanalinganisha namba mbili hizo kama ni kitu kimoja, kisha wanashangaa mbona haipandi.

Mshipa wa nyonga wa mwanamke mdogo wa umbo, au wa mzee mwenye chokaa na kona nyingi, ukiwa chini ya milimita 7 usilazimishe. Fungua juu ya kinena nje ya utando wa tumbo, shonea bomba la kitambaa cha Dakroni la milimita 10 kwenye mshipa wa nyonga wa juu, pitia humo.

Na ukilazimisha, balaa haionekani wakati wa kuingia. Shithi yenyewe inaziba tundu. Inaonekana wakati wa KUTOA: presha inaanguka ghafla sekunde chache baada ya kuvuta. Kwa hiyo waya mgumu usitoke mpaka uone presha imetulia. Waya ukiwepo, unarudisha shithi au unapandisha puto, damu inasimama, unaweka stenti yenye kitambaa hapo nyonga. Waya ukiwa umeshatoka ni kufungua tumbo kwa mbio.

---

Mpekuzi_wa_Mchangani

Haya, sasa tuelezeni shughuli yenyewe mezani inakwendaje. Mtu asiye wa chumba cha katheta aielewe.

---

Bandari_Kuu

Nitaieleza kwa mfuatano, ila msije mkaitumia kama kibali, hii ni kazi ya waliofundishwa.

Mgonjwa kwa kawaida nusukaputi. Aota iliyopasuka ni afadhali apakwe dawa, atandikwe shuka na kinena kifunguliwe kwa ganzi ya sehemu kabla hajalazwa, maana dawa ya kulaza inaporegeza mwili presha huporomoka. Antibiotiki sefazolini gramu 2 kabla ya kukata. Njia ya presha mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto unaweza kuzibwa na grafti au ukahitajika kupitishia katheta (mrija mwembamba).

Kinena kimoja kwa kifaa, kingine au kifundo cha mkono wa kushoto kwa katheta ya mkia wa nguruwe ya kupigia picha. Waya laini wa sentimita 260 unapanda kwanza. Kwa mpasuko huu ndio wakati wa kuhakikisha uko kwenye njia ya kweli ya damu tangu nyonga hadi upinde, si ile bandia. Waya unaweza kuanza njia ya kweli, ukatoboka kati, ukatokeza juu vizuri kabisa. Altrasaundi ya ndani ya mshipa au eko ya kwenye umio ndiyo shahidi. Grafti ikifunguliwa kwenye njia bandia inafunga damu ya viungo vyote vya chini.

Waya laini unabadilishwa kwa ule mgumu kupitia katheta, na mkunjo wa ncha yake unakaa sehemu inayopanda, juu ya vali. Heparini yuniti 70 hadi 100 kwa kilo, muda wa kuganda uzidi sekunde 250. Kwa majeruhi anayevuja kichwani punguza sana, au acha, ufanye haraka.

Kabla ya kuingiza, kifaa kisukumwe maji ya chumvi yenye heparini mpaka hewa iishe. Kisukumwe tena. Kiharusi cha kwenye kazi hii kinatokana na takataka za ukuta wa upinde na pia na hewa iliyobaki kwenye mikunjo ya kitambaa.

Mashine ya eksirei inazungushwa kushoto digrii 45 hadi 60 ili upinde ujifungue. Ukiipiga kwa pembe mbaya, subklavia na karotidi zinapandana, unaweka mdomo wa grafti juu ya karotidi ukidhani ni pale pengine. Pumzi inasimamishwa, picha inapigwa, meza HAIGUSWI tena. Presha inashushwa hadi 80 hivi, au moyo unaendeshwa kasi ya 180 kwa pesimeka ya muda ili usisukume grafti chini kama tanga wakati wa kusi. Unafungua. Presha inarudi.

Puto la kunyoosha pete: kwenye anurizimu ni sawa pale inapovuja. Kwenye mpasuko wa tabaka usipandishe. Huo ukuta hauvumilii.

Picha ya mwisho unatafuta uvujaji. Aina ya 1 ni ule wa kwenye ncha, na kwa aota iliyopasuka haukubaliki kuondoka nao mezani. Aina ya 2 damu inarudi kwa tawi, mara nyingi subklavia, na unaweza kuziba mdomo wa tawi hilo kupitia mkono wa kushoto. Aina ya 3 ni kwenye kiungo au tundu la kitambaa, weka grafti nyingine ndani. Aina ya 4 ni kitambaa kuchuja, hujifunga nguvu ya heparini ikiondolewa kwa protamini.

---

Waya_Mgumu

Kwa mpasuko, grafti haiponyeshi aota nzima, inafunga mlango wa juu. Utando uliokuwa ukipepea na kuziba tawi hurudi nyuma, damu ya utumbo inarudi. Lakini mpasuko uliokwisha kuingia ndani ya tawi lenyewe hautoki, hapo tawi linahitaji stenti yake. Kwa hiyo usifunge kinena kabla ya kupiga picha ya utumbo, figo na nyonga. Laktati ya damu (ishara ya kiungo kukosa damu) ikiendelea kupanda saa chache baadaye, tumbo likauma kuliko linavyoonekana, huyo arudi mezani.

---

Muuguzi_ICU_Ung

Naomba kuuliza kuhusu subklavia. Nimeona wengine wanaifunika kabisa na mgonjwa anatoka na mkono mzima. Wengine wanasema lazima ishonewe njia kutoka karotidi kwanza. Lipi sahihi?

---

Bandari_Kuu

Yote mawili, dada yangu, inategemea nani yuko mezani. Kazi iliyopangwa, shonea njia kwanza. Dharura inayovuja, funika, halafu angalia. Mkono wenyewe mara nyingi hupata damu kwa njia za pembeni. Wasiwasi wangu hauko kwenye mkono, uko kwenye ubongo wa nyuma na uti wa mgongo, kwa sababu tawi la kwanza la subklavia ni mshipa wa nyuma ya shingo (si karotidi) unaolisha vyote viwili.

Usiifunike bila njia mbadala, hata kwa haraka, kwa mtu aliyewahi kuungiwa mshipa wa moyo kwa ule wa ndani ya kifua cha kushoto (utamsababishia shambulio la moyo mezani), kwa mwenye fistula ya kusafishia damu mkono wa kushoto, na kwa ambaye mshipa huo wa nyuma ya shingo upande wa kulia haupo au ni mwembamba. Hilo la mwisho linaonekana kwenye CT ile ile ya Picha iliyoanzia shingoni.

---

Bi_Ganzi

Na hapo ndipo naingia tena, kwa wauguzi wa ICU hasa. KABLA ya grafti tulishusha presha. BAADA ya grafti tunaipandisha. Zamu zikibadilika bila kuambiana, wa usiku anaona 150, anakumbuka kadi ya mchana imeandikwa chini ya 120, anafungulia labetaloli. Asubuhi mgonjwa hasogezi miguu.

Sababu yake: grafti imefunika mishipa midogo ya mbavu, na mshipa mkubwa wa kulisha uti wa mgongo kwa kawaida unatoka kati ya pingili ya 8 ya kifua na ya 1 ya kiuno. Uti sasa unaishi kwa njia za pembeni, nazo zinahitaji msukumo. Presha ya wastani isishuke chini ya 80, kwa walio hatarini ipelekwe 90 au zaidi. Hemoglobini izidi 10. Walio hatarini ni wale waliofunikwa kipande kirefu, wenye grafti ya zamani tumboni, waliofunikwa subklavia na waliopitia mshtuko.

Kila saa: "Inua mguu huu. Na huu." Andika. Kupooza kunaweza kuja baada ya siku mbili tatu mgonjwa akiwa ameshaanza kula. Ukiona udhaifu usingoje daktari amalize chai: oksijeni, noradrenalini presha ya wastani ikipandishwa kwa hatua za 10, na mrija wa kutoa majimaji ya uti kati ya pingili za 3 na 4 au 4 na 5 za kiuno. Presha ya majimaji ilengwe 10, na usitoe zaidi ya mililita 10 hadi 15 kwa saa. Ukimwaga kwa wingi ubongo unavutika chini na mishipa ya juu yake inachanika, utakuwa umebadilisha kupooza kwa damu kichwani. Mrija usitolewe huku heparini ikiwa bado inafanya kazi.

---

Mpekuzi_wa_Mchangani

Hii teknolojia ni mpya kiasi gani? Isije ikawa ni majaribio.

---

Waya_Mgumu

Si mpya. Nikolai Volodos wa Kharkiv, Ukraini, aliweka grafti ya namna hii kwenye aota ya kifua mwaka 1987, kwa uvimbe wa uongo uliotokana na ajali. Juan Parodi akafanya ya tumbo Buenos Aires mwaka 1990, na ndiye jina lililovuma. Kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, likachapisha za kifua mwaka 1994. Marekani iliruhusu grafti ya kwanza ya kiwandani ya kifua mwaka 2005. Majaribio yamekwisha zamani, kilichobaki ni nani anayo saizi sahihi rafuni leo.

---

ChakeDharura

Na hilo swali la rafu liulizwe kwa simu kabla ya mgonjwa kutoka. Upasuaji wa moyo wazi upo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) Dar, aina A huko ndiko. Kwa aina B na ajali, ukipiga simu sema mambo haya bila kungoja kuulizwa: sehemu inayopanda imeguswa au la, upana wa aota juu na chini ya jeraha, umbali kutoka subklavia, upana wa mishipa ya nyonga zote mbili, kreatinini (kipimo cha figo), kundi la damu, na kiungo gani kinakosa damu.

Hapa sikubaliani na wanaosema mgonjwa wa Pemba apite Unguja kila hali. CT iliyo karibu ndiyo ya kwanza, popote ilipo, kwa sababu bila hiyo hujui unampeleka kwa nani. Lakini ukishaijua, kumlaza sehemu ya kati "apumzike" ni kupoteza saa.

Usafiri: pampu ya dawa iliyojaa chaji na ya akiba, ampuli za labetaloli za safari nzima mara mbili, mofini, ondansetroni ya kuzuia kutapika. Kutapika kunapandisha presha, na boti inayokata mkondo wa Nungwi wakati wa kusi haimhurumii mtu. Ndege ndogo zinaruka chini na hazifungwi hewa, kwa hiyo kama pafu limevuja, bomba la kifua liwekwe kabla ya kuruka.

---

Muuguzi_ICU_Ung

Bomba la kifua upande wa kushoto na aota iliyochanika, si litafungulia damu yote?

---

Bandari_Kuu

Swali la maana. Majeruhi wa ajali, damu ya kifuani mara nyingi inatoka mbavuni na mapafuni, kwa sababu aota iliyopasuka wazi haimfikishi mtu hospitali. Kama hapumui, weka, usimwache afe kwa kuogopa aota. Lakini kwa mzee mwenye anurizimu iliyovujia kifua cha kushoto na anapumua, liache. Damu iliyojaa ndiyo inayobana tundu. Huyo presha yake ya juu 80 hadi 90 inatosha maadamu anaongea, usimjaze maji ya chumvi. Ukikuta 130 baada ya lita mbili, ujue tundu linaweza kufunguka.

---

Picha_Milimita1

Kuhusu ufuatiliaji, CT mwezi wa 1, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka. Kijana wa ajali aliyetulia anaweza kubadilishiwa MRI ili kupunguza mionzi, nitino haina tatizo humo. Mpeni kadi yenye aina na saizi ya grafti, na nakala ibaki kwenye faili lake la hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Chake, maana kadi hupotea.

---

Muuguzi_ICU_Ung

Homa siku za mwanzo tuihofie?

---

Bandari_Kuu

Homa ndogo na chembe nyeupe kupanda kidogo wiki ya kwanza ni mwili kuipokea grafti, hutulia. Ya kuhofia ni inayokuja miezi baadaye, mgonjwa amekonda, ana homa za kuja na kuondoka, halafu anatapika damu kidogo na inasimama. Huyo ana njia kati ya aota na umio mpaka ithibitike vinginevyo. Ile damu kidogo hutangulia ile nyingi kwa saa au siku. Msimwingize kamera ya umio na kumpuliza hewa kwanza. Anzeni na CT, damu ikiwa tayari pembeni na daktari wa upasuaji yuko kwenye simu.